Sanduku Lenye Picha ya Mkimbiaji

Wapendwa, nimepewa dakika tano, na mnajua mimi na dakika tano hatuelewani. Kwa wageni, mimi ni karani katikati ya jiji, nakaa hapa Uthiru, na kikundi hiki cha watu wa sukari ni nyumbani kwangu.

Mwaka jana daktari aliniambia sukari imepanda, imebaki kidogo tu iitwe ugonjwa. Akanipa miezi mitatu nibadilishe chakula, ikikataa kushuka nianze dawa. Ndugu zangu, niliogopa. Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mimi ndiye nilikuwa namvalisha kile kiatu kimoja.

Basi nikaacha mandazi, nikaingia supamaketi nikanunua siriali, ile nafaka ya kumiminia maziwa. Sanduku lilikuwa na picha ya mkimbiaji na neno AFYA limejaa mbele yote. Nikala bakuli mbili kila asubuhi. Ofisini wenzangu wakichovya mkate kwenye chai, nawaangalia kwa huruma.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja kututembelea. Ni mwalimu mstaafu, na mnajua mwalimu hastaafu. Nikamwekea bakuli la heshima. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Mkwe wangu, hii ni chakula ama ni peremende?"

"Ni ya afya, mama. Imeandikwa hapo mbele."

Akavaa miwani. "Hapo mbele wanauza. Geuza nyuma, unisomee vitu wameweka. Kwa sauti."

Nikasimama nikasoma kama mtoto wa darasa la pili. Mahindi. Sukari. Asali. Akaniambia kinachotajwa mapema ndicho kingi. Jamani, kazi yangu ni kukagua fomu. Watu nawarudisha foleni kwa kukosa kujaza upande wa nyuma, na sanduku langu mwenyewe sikuwahi kuligeuza. Niliona aibu, nawaambia ukweli.

Sasa mama mkwe utambishia nini? Jumamosi akanipeleka soko la Dagoretti, tukanunua wimbi, tukasimama pale mashineni mpaka ikasagwa. Ule uji wa kwanza bila sukari niliumaliza kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu. Wa pili pia. Wiki ya tatu alikuwa amesharudi kwake, na nikajikuta nakwangua sufuria.

Siku ya kupimwa, daktari aliangalia karatasi mara mbili. Imeshuka. Si sana, lakini akasema dawa nisianze kwanza.

Namshukuru mke wangu aliyeficha kopo la sukari, hata leo sijui liko wapi. Nawashukuru nyinyi mliokuwa mkiniuliza kila mkutano nimekula nini. Somo langu ni fupi: kabla hujalipa, geuza usome nyuma.

Uji uko kwenye chupa pale mlangoni. Anayetaka sukari akamwombe yule mama mwenye miwani, kiti cha mbele. Mimi narudi kukaa, na mnitazame nikitembea: viatu viwili, na nimevifunga mwenyewe.