Koti la Lamara

Pale Zestaponi, nyuma ya soko, kuna benchi ambalo halijakaa tupu tangu wake wa mtaa ule walipoanza kwenda Italia kulea wazee wa watu. Wanaume wamebaki na nyumba, kuku na maneno. Kila Jumapili basi dogo kutoka Bari, huko Italia, huleta mizigo, na kila Jumatatu mizigo hiyo hujadiliwa benchini zaidi ya bajeti ya serikali, kila mtu na kikombe chake cha kahawa nzito. Jumatatu hiyo Murmani alifika amekumbatia koti la kike, jeusi, zito. Mkewe Lamara alikuwa Bari mwaka wa tisa, na koti hilo ndilo alilolivaa siku anaondoka.

— Limekuja na mafuta ya zeituni na tambi, alisema. Maelezo hakuna. Novemba hii, jamani! Baridi ndiyo kwanza inabisha hodi.

Zauri, ambaye kwa umbea wake walimwita Redio, alilipapasa mikono.

— Anarudi huyo! Mtu akirudi anatanguliza vizito. Kapake rangi nyumba, kaka.

— Hebu tulia, alisema Badri, aliyeitwa Jaji kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa. Anayerudi anakuja na koti lake mwilini. Huyu ameshapata jingine.

— Kutoka kwa nani? Murmani aliuliza.

— Unaniuliza mimi? Waitaliano wana makoti mazuri.

— Mdomo wako huo, Jaji! Murmani alifoka.

— Sikilizeni, Redio akadakia. Yule bibi anayemlea amekufa. Kamrithisha kabati zima, manyoya ya mbweha matupu!

— Kabati tu? Jaji aliuliza. Na shamba la zabibu je? Lamara ni tajiri saa hizi, anajificha ukoo wenu usimpige mizinga.

— Basi pete za bibi kazishonea ndani ya bitana. Minya hapo, Murmani. Minya!

Murmani alijua ni upuuzi, lakini aliminya, pindo kwa pindo. Hakukuta kitu. Koti lilinukia sabuni asiyoijua, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya Jaji.

Hapo ndipo akapita Tsiala, mwanamke jirani yao, mkate kwapani. Alikuwa amerudi wiki iliyopita tu baada ya miaka mingi ya kufanya kazi Ugiriki, na benchi lilikuwa bado halijamzoea.

— Mnauza nguo siku hizi?

Wakamweleza yote, hadi shamba la zabibu.

— Si umpigie tu umuulize, shemeji?

— Naogopa atanijibu, alisema Murmani.

Tsiala akawatazama mmoja mmoja.

— Haya, niambieni. Nani kati yenu amewahi kumwambia mkewe arudi?

Redio alikohoa. Jaji, ambaye paa lake jipya lilitoka Napoli kwa mikono ya mkewe, alichungulia kikombe chake kama kimeanguka kitu ndani. Murmani aliona aibu kali, kwa sababu kila alipopiga simu Bari alikuwa na la kuomba. Akatoa simu, akampigia Lamara kwa spika.

— Murmani? Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa. Hili koti...

— Aa, zipu imekufa. Huku fundi ghali. Mpelekee Nodari, yule mshonaji, aweke nyingine, ulirudishe Jumapili na basi. Fanya haraka, nasikia baridi.

Zipu! Watu wazima watatu walikuwa wamelichunguza koti lote, na hakuna aliyejaribu kulifunga. Redio alicheka hadi akamwaga kahawa. Murmani hakucheka. Basi la Jumapili lingelirudisha koti Bari, na mwaka wa kumi ungeanza.

— Silirudishi, alisema.

— Husikii? Nitavaa nini?

— Vibali vya kutoka na kuingia unavyo tangu mwaka jana. Njoo ulivae huku. Nyumba imenishinda bila wewe, Lamara. Rudi.

Nyuma ya Lamara yalisikika magari ya Bari.

— Murmani, umelewa?

— Sijanywa kitu, alisema, na machozi yakamtoka mbele ya benchi zima.