Kampasi ya Pichani

Basini, kiti cha mbele yangu, fundi viatu alikuwa akimjazia bintiye fomu ya chuo kikuu cha mapadre Wajesuiti. Alishaandika uuguzi, sasa alifika kwenye kampasi.

"Naweka ya mjini," alimwambia mama aliyekaa kando yake. "Pichani ina kanisa zuri."

"We baba! Uuguzi uko kampasi ya mlimani, penye hospitali. Mjini ni sheria na falsafa. Wagonjwa atawalaza madhabahuni?"

"Kwani wewe umesoma huko?"

"Nawafulia mashuka mwaka wa tisa. Wewe umesoma picha."

Fundi aliinamisha kichwa. "Mlimani atakaa mbali nami."

"Basi sema hivyo, usilisingizie kanisa!"

Mimi nilikuwa nimeliamini lile kanisa.

Basi lilisimama. Fundi aliikunja fomu, mahali pa kampasi pakiwa patupu. "Nitamalizia kesho."

"Kesho ndiyo mwisho," mama alimjibu. "Na kalamu mpe mwanao."