Mwalimu Assumani na salongo ya moyo

Citoyen Bisimwa, na ninyi wote wa komite ya chuo, muache kwanza kupiga makofi. Munamusifu muzee, na mu mufuko muko na kufuli ya kufungia darasa yake. Hamuna haya? Mulitaka mutu wa chuo aandike maneno ya kumuaga. Mimi Bibi Zaituni nimepika chai ya chuo hii miaka makumi mbili. Basi musikilize.

Mwalimu Assumani Lubunga anaacha kazi leo, tarehe 30 juni 1978, kisha miaka makumi tatu na moja mu chuo cha Qurani cha Kadutu. Macho imechoka. Anaenda Uvira kwa binti yake, kwenye joto.

Alitoka Kasongo na sanduku moja. Asubuhi alisomesha watoto. Alhamisi, kisha alasiri, alitufundisha sisi wakubwa maana ya ndani, njia ya masufi. Kwake, aya inakutafuta weye, haitafute jirani yako.

Siku moja alisoma pale Mungu anamuambia Musa avue viatu, sababu yuko mu bonde takatifu. Na sisi wote tumepakata viatu yetu juu ya magoti! Wezi wa Kadutu hawaogope musikiti. Mwalimu akacheka mpaka kofia ikaanguka. “Musa aliacha yake chini, ninyi munabembeleza yenu kama watoto wachanga! Kiatu ni kile roho inakatala kuacha: cheo, hasira, sifa. Mukivue.” Toka siku ile aliacha zake inje. Waliiba mara saba. Mara saba alipanda mulima miguu wazi, anasalimia watu. Mimi niliendelea kupakata zangu mwaka muzima. Kichwa nguvu, ndiyo.

Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ilipoanza, alishika jembe kama wote. Kisha akatuuliza: “Jumamosi serikali inatuamsha tufagie barabara. Nani atatuamsha tufagie moyo?”

Sasa komite inasema darasa ya Alhamisi iishe na yeye, eti ni mambo ya wazee, dunia imeendelea, watu wakariri tu na waende. Imeendelea wapi? Gari haioshe wivu. Radio haimuulize mutu kama amesamehe. Bisimwa, miaka tisa haukusemeshana na kaka yako juu ya shamba ya Kabare. Ulilia wapi, kabla ya kwenda kwake kuomba musamaha? Ni mu darasa ile. Nilikuwa na birika mukononi, nilikuona. Leo unataka mwingine akose pa kulia?

Mwalimu, aksanti sana. Ulitusugua bila kutuaibisha. Ukule samaki wa Uvira, wajukuu wakusomee, na Mungu akupe kuona kwa moyo kile macho inaacha.

Na weye, Bisimwa: Alhamisi kisha alasiri utoe ile kufuli. Uingie wa kwanza, ukae mbele, usome aya weye mwenyewe.

Chai itakuwa moto.