Ng'ombe wa Mwinyimvua na Daktari wa Simu

Benchi letu liko Mtaa wa Swahili, karibu na Mkunguni, mbele ya duka la vitenge la Bwana Chandu. Khalfani huleta birika lake la kahawa baada ya swala ya alasiri, na haichukui muda kabla nafasi hazijakwisha. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kila kitu kinapatikana Kariakoo, hata simu zisizo na waya. Chandu anayo moja, kubwa kama kandambili, nayo huketi benchini kama mgeni wa heshima. Jioni ninayoisimulia, alikuja mfuga ng'ombe ambaye kijiwe kinamwita Fresh. Jina alilopewa na baba yake ni Mwinyimvua, nami nitamwita hivyo. Alikaa bila kusalimu.

— Fresh, vipi? Leo hata salamu hamna? aliuliza Khalfani.

— Nimenyimwa dawa, bwana. Ng'ombe wangu Subira kiwele kimevimba, titi moja linatoa usaha. Ndama akisogea anakula teke. Ikifika kesho bila dawa, kiwele kile kimekwisha, na mimi nimekwisha. Sina kazi nyingine.

— Si asubuhi ulipiga kwa simu yangu? alisema Chandu. Ukaongea na Daktari Elisaria wa Kibaha?

— Nimeongea naye. Nikamweleza yote, akanitajia dawa. Nafika kwa Angelina, duka la dawa za mifugo, anagoma. Eti dawa ile haitoki mpaka daktari amwone mnyama kwa macho yake. Nikamwambia, dada, daktari amemsikia! Akasema, hakumsikia ng'ombe, amekusikia wewe.

— Basi dawa yake ndogo hiyo, alisema Chandu. Tuipeleke simu bandani, tumwekee Subira sikioni. Daktari amsikie mwenyewe.

— Akipiga teke simu?

— Hapo tena utaninunulia mpya, bwana Fresh.

Hapo akaingia Polycarp, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi wa mahakama.

— Tulieni. Sheria imesema kuona. Imetaja umbali? Haikutaja. Daktari apande juu ya paa hukohuko Kibaha, ashike darubini, aangalie Ilala. Kesi imekwisha.

— Na Kimara yote ile hapo katikati? Na minazi?

— Minazi siyo shahidi.

— Sikilizeni mie, alisema Chandu. Mwanangu Jaimin ana kamera ya video, ile ya harusi. Anampiga picha Subira mbele, nyuma, kiwele. Kaseti inapanda basi la Kibaha. Daktari anakaa sebuleni, anatazama.

— Jaimin huyo ninayemjua? alicheka Khalfani. Ataweka na muziki! Atachora na maua pembeni! Daktari atatafuta bwana harusi yuko wapi.

— Kaseti peke yake haitoshi, alisema Polycarp. Lazima ng'ombe ataje jina lake mwanzoni, na mahali anapoishi. Vinginevyo Angelina atasema huyu ni ng'ombe mwingine.

— Basi daktari amwandikie dawa Fresh mwenyewe, alisema Khalfani. Aseme Fresh ndiye mgonjwa.

— Angelina atataka kukiona kiwele!

Mimi sicheki ovyo, lakini ilinibidi niweke kikombe chini. Mwinyimvua naye alianza kucheka, kisha akakumbuka.

— Nyinyi mnacheka. Ndama anashinda na njaa kule.

Kwenye kizingiti cha duka alikuwa amesimama mama mmoja, Sofia, mtu wa Songea, anayesubiri Chandu aje ampimie kitambaa. Akasogea.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahanini. Huyo daktari sasa hivi yuko wapi?

— Kibaha! tulijibu sote, hata mimi.

— Mmemuuliza?

Khalfani alitazama birika lake. Maisha yetu yote simu ilikuwa imepigiliwa ukutani: ukipiga Kibaha, anayeitika yuko Kibaha. Na namba aliyoipiga Mwinyimvua asubuhi ilikuwa ya simu mpya ya daktari, ya mfukoni.

Chandu akabonyeza namba na kumpa Mwinyimvua.

— Daktari, shikamoo tena. Samahani, uko wapi?... Narung'ombe? Mtaa huu wa Narung'ombe, Kariakoo?... Tangu asubuhi!... Mimi? Mimi niko Mtaa wa Swahili, daktari. Ng'ombe yuko Ilala... Sikusema kwa sababu hukuniuliza!

Benchi lilipiga kelele mpaka wachukuzi wakasimamisha mikokoteni. Polycarp alikimbilia kwa Angelina kumwomba asifunge duka. Chandu alifuata simu yake, na simu ilikuwa sikioni mwa Mwinyimvua, ambaye alikuwa amekwishakata kona. Khalfani, mtu mzima, alikimbia na vikombe mkononi.

Punde wakapita tena mbele yangu wakielekea Ilala, katikati yao Daktari Elisaria na boksi la viatu vyeupe kwapani. Alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi.

— Yule ng'ombe anakula? alikuwa akiuliza huku akitembea haraka. Nyasi anakula?

— Anakula, daktari! Anakula!

Tukabaki mimi na Sofia. Aliwatazama mpaka wakapotea katika watu, kisha akanigeukia.

— Sasa babu, kitenge changu nani atanipimia?

Nikaingia dukani kwa Chandu, nikashika futi. Sikuwa na mazoea ya kazi ile, kwa hiyo nilimpimia kwa kumzidishia.