Mbwa wa Ganshoren Aliyenyonyoka Manyoya

Umewahi kuona watu wanne wamemzunguka mbwa mmoja saa nzima, midomo inakwenda kama cherehani, na asiwepo hata mmoja aliyeinama kumtazama? Kama hujawahi, basi hukupita mbele ya saluni ya Maman Berthe, pembeni mwa Chaussée d'Ixelles mjini Brussels, Jumatano ile ya Oktoba mwaka tisini na sita. Benchi la nje lilikuwa la wateja wanaosubiri kusukwa, lakini kwa baridi ile wateja walisubiri ndani, jirani na radiateur, na benchi likabaki kwa wale ambao hakuna anayewasubiri popote. Alikuwepo Éliézer, aliyeitwa Ministre kwa sababu zamani aliendesha gari la waziri kule Kinshasa, na hadi leo alikaa kama mtu aliye kiti cha nyuma. Alikuwepo Hervé, yaani Prof, mwaka wake wa nane chuoni na bado hajafika mwaka wa tatu. Na alikuwepo Polycarpe wa Bukavu, Licencié, mwenye licence, yaani shahada, ya uchumi na miaka miwili bila kazi. Ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba Maman Berthe alimwambia siku moja angemwajiri yeye, nyembe za saluni aziweke kando. Thermos ya kahawa ilikaa chini ya benchi, zawadi ya Maman Berthe kwa watu asiowapenda ila amewazoea.

Mbwa aliletwa na Émérance. Yeye alimtunza bibi mmoja mjane huko Ganshoren, upande wa pili wa jiji, aliyemwita Madame tu, na mbwa wa Madame aliitwa Pompon. Siku hiyo Pompon alikuwa amefungwa kipande cha kitenge kuanzia shingoni hadi mkiani, kwa sababu Émérance aliona haya watu wamwone ndani ya tramu. Alijikuna kwa mguu wa nyuma juu ya kitenge, bila kupumzika, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

— Samedi, Émérance alisema kabla hajaketi. Mutoto wa Madame anakuja iyi jumamosi. Alisema kama anakuta imbwa iko vile vile, mi ninatoka. Anasema iyi ugonjwa ni miye niliileta ku nyumba.

— Uliileta na nini? Ministre aliuliza.

— Na mikono, tonton. Anasema mikono ya bantu ya kwetu iko na mamikrobe.

Polycarpe alihisi ulimi unapata moto.

— Na mikono yake yeye ilimugusa mama yake mara ya mwisho lini? Noël?

— Noël na Pâques, sikukuu mbili tu, Émérance alisema. Lakini Licencié, bila ile contrat ya kazi, commune hairudishie miye karata ya kukaa. Batoto batatu niko nabo pale Saint-Josse. Alors mutafute dawa, kisha mutafute matusi.

Maman Berthe alitokea mlangoni, kitana mkononi.

— Unamuosha na nini?

— Shampooing yake ya duka.

— Voilà. Haiko shampooing, ni maji. Maji ya Bruxelles iko na calcaire, chokaa, mingi. Mi niko napokea bamaman hapa, nyele inabakia ku kitana kama majani. Munampaka mafuta, munamufunga foulard, kiisha.

— Maman Berthe, imbwa haiende ku défrisage ya nyele, Prof alisema.

— Na weye uko na trou ya upara ku kichwa pale nyuma, mi sikukuuliza nani aliisha kukula.

Ministre alinyoosha mguu, ishara kwamba waziri ataongea.

— Ni chakula. Imbwa ya bazungu haikulake mufupa. Inakula biscuit. Asubui biscuit, mangaribi biscuit. Kula biscuit miaka sita, tuone kama utabaki na ndevu. Waziri wangu alikuwa na imbwa tatu, zilikuwa zinakula fufu na ndakala, manyoya ilifika mpaka ku macho, haikukuwa inaona hata bezi.

— Njo maana walimuibia, Polycarpe alisema.

— Bon, bon, Prof akaingilia. Nyinyi munaangalia mwili tu. Monsieur, bwana ya Madame, alikufa lini?

— Mwaka jana, mwezi ya tatu, Émérance alijibu.

— Voilà. Ni deuil, kilio. Psychosomatique. Muntu analia na macho, imbwa inalia na ngozi. Ile imbwa inahitaji kuongea.

— Kuongea na nani?

— Na spécialiste.

— Kama tunaingia kwa marehemu, Ministre alisema kwa sauti ya chini, tuingie yote. Ni yeye mwenyewe anakuja kumupapasa. Mukono ya mufu, pahali inapita, manyoya haibakie.

— Tonton, mi ninalala mule mara mbili ku juma, Émérance alisema. Usinitie woga.

Hapo wote wakamgeukia Polycarpe, kwa sababu desturi ya benchi ilikuwa kwamba Licencié ndiye anayefunga mjadala. Akanywa kahawa kwanza.

— Mumekosa wote. Huyu mbwa ana carnet, kitabu chake cha afya. Ana chanjo, ana daktari, ana assurance, bima, jina lake limeandikwa. Hakuna karatasi ambayo Pompon anaidai kwenye nchi hii. Sasa kiumbe akishapata yote, atafanya nini mchana kutwa? Anajikuna. Nipeni mimi zile karatasi, muone nitakavyojikuna.

Wakacheka hadi Maman Berthe akashika fremu ya mlango. Émérance naye alicheka, ila Polycarpe aliona kwamba mkono wake ulikuwa umeikaza kamba ya mbwa hadi vidole vimepauka.

Kwenye cabine za simu za jirani foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja akatoka ndani yake na kuomba kuketi. Walimjua kwa sura tu, Karimu, Mrundi wa Bujumbura, aliyeosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Saint-Josse na kuja huku kila Jumatano kumpigia mama yake. Walimwita Bwana Sahani. Alisalimia, akapewa kikombe, akakitazama kitenge kinachotikisika.

— Samahani, alisema. Manyoya yametoka sehemu gani?

Ministre akamtazama Prof. Prof akamtazama Licencié. Polycarpe akatazama ndani ya kikombe chake. Saa nzima walikuwa wameongea maji, biscuit, mauti na haki za raia, na swali lile hakuna aliyekuwa nalo, wala jibu lake.

Émérance akafungua kitenge.

Karimu alipiga magoti juu ya lami, na suruali yake ya kazini, na hapo Polycarpe akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa mtu yeyote tangu afike Ubelgiji. Aliona mikono iliyorudi kazini. Bwana Sahani, ambaye macho ya foleni nzima yalikuwa yakimruka kama kiti, alimshika Pompon chini ya kidevu, akamnong'oneza maneno mawili ya Kirundi, na mbwa akatulia. Akaanza na masikio, akayakunja ukingo kwa ukingo. «Oreilles, rien», masikio hayana kitu. Akapita kwenye viwiko. «Coudes, rien.» Tumbo, makwapa, katikati ya vidole. Hakuharakisha. Kisha akafika kiunoni, juu ya mkia, mahali palipokuwa pekundu na uchi kama goti la mtoto aliyeanguka.

— Mama, akamwambia Berthe, naomba kitana chenye meno membamba. Na maji kidogo.

— Kitana yangu? Ya bateja?

— Kwa dakika moja.

Maman Berthe, ambaye hata dada yake hamwazimi kitana, aliitazama ile mikono, akampa. Akampa na chupa ya kunyunyizia.

— Na karatasi nyeupe.

Hakuna aliyekuwa nayo. Karimu akapapasa ndani ya koti, akatoa barua, akaikunjua na kuilaza kifudifudi chini, upande uliochapwa ukaelekea lami. Akailowesha. Akachana manyoya yaliyobaki juu ya mkia, na chembe nyeusi zikaanguka juu ya karatasi kama machicha ya kahawa. Akasubiri. Watu wanne wakainama, kwa mara ya kwanza tangu mbwa aletwe. Polepole, kila chembe ikaanza kutoa duara jekundu kuizunguka.

— Ni nini ile? Ministre alinong'ona.

— Damu ya Pompon. Kiroboto ameinywa, kisha ameinya. Zingekuwa vumbi zingebaki nyeusi.

— Lakini kaka, Émérance alisema, ninamuangalia kila siku, sijaona kiroboto hata moja.

— Huwezi. Akijilamba anawameza. Na ngozi ya huyu haivumilii mate ya kiroboto, wachache tu wanamuunguza kiuno kizima. Wengi hawako juu yake, wako nyumbani, mayai na watoto. Chauffage ya nyumba mliiwasha lini?

— Juma mbili.

— Na kujikuna?

Émérance akahesabu. Juma mbili.

— Joto limewaamsha. Sasa niambie, anapenda kulala wapi?

Émérance akakikunja kitenge kwanza.

— Ku kiti ya Monsieur. Juu ya couverture, bulangeti yake. Tangu alikufa Madame hajakubali muntu aiguse. Na miye sijaigusa. Kwetu, mbele ya siku ya kuondoa kilio, vitu ya marehemu haifuliwe. Napita na aspirateur, mashini ya kuvuta vumbi, pembeni tu, vile unazunguka kaburi.

Ministre akaurudisha mguu wake.

— Mwaka moja na nusu, Maman Berthe alisema. Na kilio bado haiondolewe?

— Bazungu habaondoe kilio, maman. Wanazika, wanakula tartine, kila muntu anarudi kwake.

— Alors utaiondoa weye. Mi nitakupikia beignets, mandazi, ya kupeleka.

Karimu akaeleza mengine. Blanketi lifuliwe kwa maji ya soixante, nyuzi sitini. Kiti kipitiwe aspirateur hadi chini ya mto, na mfuko wake utupwe nje ya nyumba. Zulia kila siku, majuma matatu. Na kesho waende kwa daktari wa mifugo wa Madame, wamwambie «allergie aux puces», yaani mzio wa viroboto, awape dawa ya mbwa na ya nyumba.

— Juu ya nini usiandike weye ile dawa? Ministre aliuliza.

— Siruhusiwi.

Polycarpe alikuwa ameshaiokota barua. Aliigeuza. Miaka sita ya masomo ya tiba ya mifugo Dakar, miaka mitatu ya kutibu ng'ombe wa bonde la Ruzizi, na ofisi ya kutambua diploma ilikuwa na huzuni kumjulisha kwamba équivalence, yaani kutambuliwa kwa shahada yake, haitapatikana. Sahihi, muhuri, salamu za heshima.

— Ulikuwa unatembea nayo?

— Karatasi nzuri, Karimu alisema. Nzito, hailowi haraka.

Kisha akaomba maji tena, akachota udongo kwenye chungu cha maua cha saluni, akaanza kunawa mkono ambao Pompon alikuwa ameulamba. Mara ya kwanza kwa udongo, kisha maji, kisha maji.

— Mara ngapi? Prof aliuliza.

— Saba.

— Sasa muislamu wa kunawa mara saba, ulienda kusomea imbwa juu ya nini?

— Mate yananawika. Udongo upo, maji yapo. Yeye ndiye hana mikono ya kujitibu.

Prof alikuwa akihesabu, akapotelea kwenye ya nne. Karimu hakupotea. Alifika saba, akajikausha kwa leso, akarudi kwenye foleni ya kumpigia mama yake, nyuma kabisa, maana nafasi yake ilikuwa imekwenda. Barua aliichukua tena mkononi mwa Polycarpe, akaitupa kwenye pipa alipopita.

Alhamisi Émérance alipeleka beignets Ganshoren, akakaa chini na Madame. Alimweleza jinsi watu wa Kivu wanavyofua nguo za marehemu siku ya mwisho wa kilio, si kwa kumfukuza, bali kwa kumruhusu apumzike. Madame alilia, akala beignet, akalia tena. Kisha akashika pembe moja ya blanketi, Émérance akashika nyingine, wakaliingiza kwenye mashine pamoja. Daktari wa mifugo alimtazama Pompon dakika tano, akasema «allergie aux puces», akaandika, akasaini. Jumamosi mtoto wa Madame alikuja na hotuba yake tayari. Manyoya hayakuwa yameota bado, lakini mbwa alikuwa amelala fofofo, mguu wa nyuma umenyooka, na Madame alimwambia mwanawe avue viatu, zulia limesafishwa, na kwamba Émérance haendi popote.

Katikati ya Novemba Pompon alirudi bencheni bila kitenge. Mgongoni pameota manyoya laini, mafupi, meupe, na Maman Berthe akayapitisha vidole kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

— Mutoto wa Madame amefurahi, Émérance alisema. Anasema kwa bantu yote ule vétérinaire, daktari ya imbwa, ni muntu wa ajabu.

— Yupi? Polycarpe aliuliza.

— Ule alisaini.

Basi Polycarpe akatoa kwenye mkoba wa plastiki barua aliyoiokota pipani siku ile na kuikausha juu ya radiateur ya saluni, madoa yake mekundu yamekuwa ya kahawia. Alikuwa ameibandika nyuma ya maombi mapya ya kutaka Karimu atambuliwe. Karimu alishasaini, baada ya kukataa mara mbili. Polycarpe aliyaandika kwa Kifaransa cha kutisha, lakini kabla ya kwenda posta aliwasomea benchi kwa Kiswahili, naye Karimu akiwa amekaa katikati, mahali pa Ministre, ambaye alisimama mwenyewe bila kuombwa:

«Nyinyi mliosaini ukurasa huu, ugeuzeni. Hayo madoa ni kazi ya daktari Karimu, ameifanya kwa magoti juu ya lami yenu, kwa kitana cha saluni, na mwenzake mwenye muhuri ameithibitisha kesho yake bila kubadili neno. Tuambieni kwa maandishi alikosea wapi. Kama hamuoni kosa, msimtumie tena huzuni yenu: mfungulieni faili, mpangieni mtihani, mumletee mbwa yeyote mnayemtaka, na mwisho wa mtihani mpigieni muhuri. Na siku hiyo, mwekeeni maji na udongo.»