Ncha Iliyopinda

Benchi letu linatazama mlango wa karakana ya Mkereza, na mimi muuza kahawa ndiye ninayewavumilia hawa watu kutwa. Leo Mkereza katoka na kipande cha mpingo, urefu wa kidole, kimetobolewa katikati na kutiwa mrija wa shaba. Ni kalamu ya bintiye ya kusainia cheti cha ndoa, na ndoa ni saa nane mchana. Kabla ya kukikereza, ncha zote mbili ziwe sawa kabisa, la sivyo kipete cha chuma hakikai, panabaki mwanya. Ncha moja ilikuwa imepinda. Angeisugua ndani kimya kimya tungesalimika. Akaomba ushauri.

Kinyozi akakipokea pamoja na msasa.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema, akasugua.

— Sasa umeilaza kushoto, akasema Profesa, ambaye chuo amekiona kwa nje.

— Basi tupunguze na ncha ya pili. Kichwa hakinyolewi upande mmoja.

— Ya pili ilikuwa sawa, ndugu yangu, Mkereza akasema.

— Sawa na nini? Mwenzake si kapinda?

Mkereza akamwachia kipande, na hapo ndipo alipoponzeka.

— Msasa hauna kosa, Profesa akasema. Kosa la dunia. Inazunguka, mkono unahama. Tuelekee mashariki.

Wakaligeuza benchi zima, birika langu likamwagika nusu. Hakuna aliyeniambia pole.

— Na mti wenyewe uliota umeegemea, Kinyozi akasema. Unarudia tabia. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huu umekauka miaka sita.

— Ndiyo maana hausikii.

Wakasugua, wakageuza, wakasugua. Shaba nayo ikawa inalika pamoja na mti. Mkereza jasho linamtoka, anasema tu, "Taratibu jamani, ni ya mwanangu." Nilimwonea huruma, lakini kumnyang'anya Kinyozi msasa nani ataweza?

Saa sita bibi harusi mwenyewe akafika, kichwa kimeshasukwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akakichukua kile kipande. Kilikuwa kimebaki kama pingili moja ya kidole. Akakitazama huku, akakitazama kule.

— Baba, iliyokuwa imepinda ni ncha ipi?

Kinyozi akapuliza vumbi kwenye msasa. Profesa akauliza kama kahawa ipo.