Lazarus Kinoti na Joto la Redio

Tarehe 30 Juni 1967, Bwana Lazarus Kinoti, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati yetu hapa Garissa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alikuja kutoka Meru kwa miezi sita tu. Katika muda wote huo amevunja vipimajoto vitatu, na kila kimoja alikiandikia makao makuu barua ya majonzi.

Atakumbukwa zaidi kwa Februari ya mwaka jana. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na dawa tuliziagiza kwa redio ya mawasiliano iliyo chumba cha pili, ambayo mwendeshaji wake ni mimi. Kina mama wa mtaa wa Waberi, wakiongozwa na Saynab Billow, wakasema redio hiyo ndiyo inayowatia watoto homa. Wakaacha kuwaleta. Watoto walikuwa wagonjwa kweli, na Bwana Lazarus alikosa raha kabisa.

Akaamua kupima. Aliamini kwamba mtoto, kama sufuria ndogo, hupata moto upesi kuliko mtu mzima. Mbele ya kina mama hao akawaketisha kando ya redio watoto watano na wazee watano, wote wazima wa afya, kwa saa nzima, huku nikiongea na Nairobi mpaka koo likanikauka. Saynab hakubali mgeni akae hivihivi, kwa hiyo wazee wakapata chai ya tangawizi na watoto maziwa baridi. Kipimajoto kikaingia vinywani. Watoto, thelathini na sita. Wazee, karibu arobaini, na wanapiga soga! Bwana Lazarus akajifunga taulo lenye maji kichwani, akaanza kuandika barua ya kuomba watu wazima wahamishwe, yeye akiwa wa kwanza.

Saynab angenyamaza, angeshinda. Badala yake akasema, kwa Kiswahili chake kinachogeuza 'p' kuwa 'b', "Daktari, hiyo moto si ya redio. Ni ya chai yangu. Wewe nabima, mdomo bado iko chai!"

Wakangoja nusu saa bila chai wala maziwa, wakapimwa tena: thelathini na saba, wote. Kina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake Saynab akamleta bintiye Shamis, kifua kimembana, nami nikaita dawa kwa redio ileile. Ndege ilifika mchana.

Asante, Bwana Lazarus, kwa kukubali kusahihishwa mbele ya umati. Tunakuombea afya njema na mvua ya kutosha shambani. Leo asubuhi Shamis amekuja kukuaga. Amezunguka zahanati mbio mara tatu, akipiga kelele, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.